Bolivia: Wakulima Waliingia Ikulu, Ardhi Ikabaki Mashariki

Tunaviita viazi ulaya, lakini kwao si Ulaya. Kwao ni milima ya Andes, pande zinazolizunguka Ziwa Titicaca mpakani mwa Peru na Bolivia, ambako watu walivilima maelfu ya miaka kabla Mhispania hajatia mguu Amerika. Ikifika Juni na Julai, baridi inapokuwa kali kwenye nyanda za juu, familia za Waaymara na Waquechua hutandaza viazi vidogo vidogo nje usiku kucha vigande. Jua likishapanda na viazi vikaanza kulainika, watu huvua viatu, huvikusanya kwa malundo madogo na kuvikanyaga taratibu kwa nyayo. Maji yanachuruzika, maganda yanatoka. Wanarudia siku kadhaa mpaka kiazi kinakauka kabisa, kinakuwa chepesi na cheusi kama kijiwe cha mtoni. Hicho ndicho chuño. Ukikiweka pakavu kinakaa miaka, na mwaka wa ukame ndicho kinachovusha familia.

Naanzia hapo kwa sababu mkulima huyo wa chuño, mwenye kipande kidogo cha ardhi kwenye mita 3,600 hadi 4,000 juu ya bahari, ndiye aliyeigeuza siasa ya Bolivia mara mbili ndani ya karne moja. Mara ya pili alimfikisha ikulu mtu wa nyumbani kwake: Evo Morales, mtoto wa wafugaji wa llama kutoka Orinoca, aliyekuja kuwa kiongozi wa wakulima wa koka. Alitawala tangu Januari 2006 hadi Novemba 2019. Na katika miaka hiyo hiyo mashamba makubwa ya soya ya mashariki yakazidi kutanuka, misitu ikafyekwa na kuchomwa, na sheria za kuwapa nafuu wenye mashamba hayo zikapita moja baada ya nyingine. Inakuwaje serikali ya wakulima wadogo ifanye hivyo? Wapo wanaolijibu swali hili kwa neno moja, usaliti. Mimi naona neno hilo linaficha mengi kuliko linavyoeleza. Ukitaka kuelewa, inabidi uifuate ardhi yenyewe tangu ilipokuwa ya makabaila.

Bolivia ni nchi mbili zilizofungwa pamoja. Magharibi kuna milima, baridi, migodi, na watu waliozoea kulima kwa jembe na kuamua mambo kwa mkutano wa kijiji. Mashariki kuna tambarare lenye joto, mito na misitu, ambalo kwa ukubwa linachukua zaidi ya nusu ya nchi. Zamani mashariki kulikuwa na watu wachache na barabara karibu hakuna. Leo mkoa wa Santa Cruz ndio wenye watu wengi kuliko mikoa yote.

Sensa ya kilimo ya mwaka 1950 inaonyesha hali ilivyokuwa. Wamiliki wenye hekta 1,000 na zaidi walikuwa kama asilimia 6 tu ya wamiliki wote, lakini walishika asilimia 92 ya ardhi ya kilimo, na sehemu waliyoilima kweli ilikuwa ndogo mno. Hawakuwa na haja ya kulima sana, maana walichomiliki hasa kilikuwa nguvu za watu. Mkulima alipewa kipande cha kujilimia, na kwa malipo ya kipande hicho alifanya kazi kwenye shamba la bwana siku kadhaa kila wiki bila ujira, kwa zana zake mwenyewe. Juu ya hapo kulikuwa na zamu ya utumishi nyumbani kwa bwana, hata kama nyumba hiyo iko mjini. Aliyekuwa zamuni aliitwa pongo, neno lililotokana na neno la Kiquechua lenye maana ya mlango, kwa sababu pale mlangoni ndipo alipolala. Wanawake nao walikuwa na zamu yao. Rais Gualberto Villarroel alitangaza kufuta utumishi huo mwaka 1945. Mwaka uliofuata umati ulimuua na kumtundika kwenye nguzo ya taa mbele ya ikulu, na makabaila wakaendelea kama kawaida.

Waliovunja mfumo huo ni wakulima waliokwisha kupigana vita. Kati ya 1932 na 1935 Bolivia ilipigana na Paragwai kugombea jangwa la Chaco, na maelfu ya vijana wa milimani walipelekwa kufa kwenye joto wasilolijua, kwa ajili ya nchi iliyowanyima hata haki ya kura. Waliorudi walirudi wakiwa watu wengine. Pale Ucureña, katika bonde la Cochabamba, wakulima waliunda chama chao mwaka 1936 wakitaka kukodi wenyewe ardhi ya watawa wa Santa Clara bila kupitia kwa bwana, wakajenga na shule. Mapinduzi ya Aprili 1952 yalipokiweka madarakani chama cha MNR chini ya Víctor Paz Estenssoro, wakulima hawakusubiri barua kutoka La Paz. Waliingia mashambani, wakagawana. Serikali ilikuja kutia saini jambo ambalo tayari lilikuwa limetokea, na mahali palipochaguliwa kwa sherehe hiyo ni palepale Ucureña, tarehe 2 Agosti 1953.

Fundo la kwanza liko ndani ya amri hiyo ya 1953, na watu wengi hulipita bila kulitazama. Amri ilivunja ukabaila wa milimani na mabondeni. Mashariki iliacha mlango wazi: shamba lililohesabiwa kuwa la kibiashara, lenye mtaji na vibarua wa kulipwa, lililindwa, na ranchi ya ng'ombe iliruhusiwa kufika hekta 50,000. Kwa wakati ule halikuonekana jambo kubwa, kwani nani alikuwa anaitaka misitu ya Santa Cruz? Lakini mpango ulikuwepo. Tangu 1942 ujumbe wa Marekani ulioongozwa na Merwin Bohan ulishapendekeza kuifungua Santa Cruz ili nchi ijilishe sukari, mchele na mafuta. Barabara ya lami kutoka Cochabamba ilifika huko mwaka 1954. Mikopo ilifuata barabara, na ardhi ikafuata mikopo. Wajapani kutoka Okinawa walipewa makazi, Wamenonaiti, madhehebu ya Wakristo wakulima, wakaja na matrekta yao kutoka Paragwai na baadaye Meksiko, na familia za milimani nazo zikashuka kutafuta shamba. Wakati wa utawala wa kijeshi wa Hugo Banzer, kati ya 1971 na 1978, maeneo makubwa yaligawiwa bure kwa marafiki wa serikali. Mwaka 1992 kashfa za ugawaji zilizidi hadi chombo kilichohusika na mageuzi ya ardhi kikasimamishwa kazi. Kwa hiyo chombo kilichoundwa kumnyang'anya kabaila wa magharibi ndicho kilichomzaa mwenye shamba kubwa wa mashariki.

Milimani nako kulikuwa na hesabu nyingine. Baba aliyepata hekta tatu mwaka 1953 akawa na watoto watano. Watoto hao wakawa na wao. Wahispania huita shamba dogo minifundio. Wabolivia wakatunga neno lao, surcofundio, kutokana na neno la tuta, yaani mtu harithi shamba tena, anarithi matuta. Ardhi ikawa haitoshi kumlisha mtu, lakini hakuna aliyetaka kuiacha.

Sasa tuje kwenye koka, maana bila jani hili huwezi kueleza siasa ya Bolivia ya leo. Agosti 1985 Paz Estenssoro yuleyule wa 1953, akiwa amerudi madarakani mzee, alitia saini amri namba 21060 ya kubana matumizi na kuukomesha mfumuko wa bei uliokuwa umeifanya fedha ya nchi kuwa karatasi tupu. Miezi miwili baadaye bei ya bati duniani ikaporomoka. Migodi ya serikali ikafungwa, na wachimbaji zaidi ya 20,000 wakapoteza kazi. Wengi walikwenda Chapare, bonde la mvua nyingi chini ya Cochabamba. Unaweza kupanda chungwa na ndizi Chapare, vikamea vizuri sana, kisha vikaozea barabarani kabla ya kufika sokoni. Koka huchumwa mara tatu au nne kwa mwaka, jani likikauka ni jepesi kubeba, na mnunuzi yupo siku zote. Sehemu inatafunwa na Wabolivia wenyewe kama walivyofanya mababu zao, kupunguza njaa na uchovu wa mwinuko. Sehemu inaishia kwenye kokeini. Mkulima alijua hilo, na kila serikali ililijua.

Wachimbaji hao walikuja Chapare na kitu ambacho mkulima wa kawaida hana: uzoefu wa kupambana na serikali kupitia chama. Chama cha wakulima cha Chapare ndicho kinachogawa ardhi, kinachoamua ugomvi wa mipaka, kinachoita watu kutengeneza barabara na kujenga shule. Ukikosa mkutano unatozwa faini. Ilipopitishwa sheria namba 1008 mwaka 1988 kuweka kikomo cha hekta 12,000 za koka kwa nchi nzima, na hasa Banzer aliporudi kwa kura mwaka 1997 na kuapa kung'oa koka yote ya Chapare, askari walikuta jamii iliyokwisha kujipanga. Watu wengi waliuawa katika miaka hiyo, wakulima na askari pia. Suluhu ilipatikana mwaka 2004: kila familia ya Chapare iruhusiwe cato moja, kipande cha mita 40 kwa 40. Mtu anakizunguka kwa miguu ndani ya dakika mbili. Baadaye chama chenyewe kikapewa kazi ya kuwakagua wanachama, na anayezidisha anang'olewa koka na kukatazwa kupanda kwa muda. Kwa maoni yangu hili ni moja ya mambo yenye akili zaidi yaliyowahi kufanywa kuhusu koka popote, kwa sababu lilimtazama mkulima kama mtu wa kupatana naye.

Lakini kutoka chama cha koka hadi ikulu ni mbali. Daraja lilijengwa na mtu asiyetarajiwa. Rais Gonzalo Sánchez de Lozada, tajiri wa migodi aliyekulia Marekani, alipitisha mwaka 1994 Sheria ya Ushiriki wa Wananchi. Kabla yake fedha za umma zilibaki karibu zote katika miji mikuu michache, na vijijini hapakuwa hata na serikali ya mtaa inayoeleweka. Sheria iligawa nchi yote katika halmashauri 311 na kuzipa asilimia 20 ya mapato ya taifa, kila moja kwa idadi ya watu wake. Ghafla kijiji kilikuwa na bajeti, diwani, na sababu ya kupiga kura. Mwaka uliofuata wakulima wa koka, wakigombea kwa jina la chama cha kuazima kwa sababu chao hakikusajiliwa, walishinda halmashauri za Chapare. Mwaka 1997 Evo akaingia bungeni. Mwaka 2002 alishindwa urais na Sánchez de Lozada huyohuyo kwa chini ya asilimia 2. Oktoba 2003 watu wa El Alto, mji wa wahamiaji kutoka vijijini juu ya La Paz, waliandamana kupinga gesi kuuzwa nje kupitia Chile. Makumi waliuawa, na rais akakimbilia Marekani. Desemba 2005 Evo alishinda kwa karibu asilimia 54.

Hapa ndipo linapoanza fundo gumu. Serikali mpya ilipitisha Novemba 2006 sheria ya kuharakisha mageuzi ya ardhi. Msingi wake ni kanuni inayosema ardhi ina kazi ya kiuchumi na kijamii: shamba kubwa lisilotumika linaweza kurudishwa kwa serikali na kugawiwa. Sheria ikataka pia jina la mwanamke liandikwe kwenye hati, na kwa familia nyingi hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Upimaji na utoaji hati ulikwenda kwa kasi isiyowahi kuonekana, na jamii za wenyeji wa asili zilipata hati za pamoja za maeneo makubwa, jambo ambalo watu wa mashariki walilidai tangu walipotembea kwa miguu kutoka Trinidad hadi La Paz mwaka 1990. Haya ni mafanikio ya kweli na hayafai kudharauliwa.

Ila mashariki haikukaa kimya. Mwaka 2008 mikoa ya tambarare ilidai kujitawala, ofisi za serikali zikavamiwa, na Septemba mwaka huo wakulima waliuawa kwa risasi Porvenir, mkoani Pando. Nchi ilikuwa karibu kupasuka. Katiba mpya ikapita bungeni Oktoba kwa makubaliano, na baadhi ya vifungu vilibadilishwa mezani. Januari 2009 wananchi waliipigia kura, wakaulizwa pia swali la ziada: ukomo wa umiliki wa ardhi uwe hekta 5,000 au 10,000? Karibu asilimia 80 walisema 5,000. Ni ushindi mkubwa ukiusoma hivyo tu. Lakini kifungu cha 399 kinasema ukomo huo unawahusu watakaopata ardhi baada ya katiba kuanza kutumika. Aliyekuwa na hekta 20,000 kihalali, akizitumia, alibaki nazo. Amani ya mwaka 2009 ilinunuliwa kwa kifungu hicho, na kila nikikisoma najiuliza kama waliokaa mezani walikuwa na njia nyingine. Sidhani walikuwa nayo nyingi.

Baada ya hapo pande zote mbili ziligundua zinahitajiana. Serikali ilihitaji chakula cha bei nafuu mijini na fedha za kigeni ambazo hazitoki kwenye gesi peke yake. Wenye mashamba walihitaji dizeli ya ruzuku, soko, na uhakika kwamba hawatanyang'anywa. Januari 2013 sheria ya kusamehe waliofyeka misitu kinyume cha taratibu ilipita, kwa sharti la kulipa kidogo na kuzalisha chakula. Aprili 2015 serikali ilikaa na wazalishaji mjini Santa Cruz kupanga jinsi ya kupanua eneo la kilimo. Mwaka huohuo muda wa kukagua kama shamba kubwa linatumika uliongezwa kutoka miaka miwili hadi mitano, na wenye mashamba madogo wakaruhusiwa kufyeka hadi hekta 20. Julai 2019 amri nyingine iliruhusu ufyekaji na uchomaji Santa Cruz na Beni. Wiki chache baadaye misitu mikavu ya Chiquitania ilikuwa inawaka, na mamilioni ya hekta yakateketea. Mwaka 2024 moto ulirudi mkubwa zaidi na kupita hekta milioni 10.

Ni rahisi kuchora picha ya tajiri mmoja wa soya upande huu na mkulima maskini upande ule. Hali iliyopo San Julián na Cuatro Cañadas, maeneo ya soya yaliyojaa watu waliotoka milimani, haikubali picha hiyo. Wakulima wengi wa soya kwa idadi ni wadogo, wenye hekta 50 au chini. Kampuni inamkopesha mbegu, dawa na dizeli, na siku ya mavuno inakata deni lake kwanza. Asiyeweza kumiliki trekta anamkodisha jirani mwenye trekta shamba lake lote. Mtu huyo alikuwa mpiga kura wa Evo, na alitaka msitu ufyekwe kama tajiri alivyotaka. Ndiyo maana mwaka 2011, serikali ilipotaka kupitisha barabara katikati ya TIPNIS, hifadhi ya taifa ambayo pia ni ardhi ya wenyeji wa asili, wakulima wa koka waliounga mkono barabara walijikuta wakikabiliana na wenyeji wa asili waliokuwa wanaandamana kuilinda ardhi yao. Tarehe 25 Septemba polisi waliwapiga waandamanaji hao pale Chaparina, wanawake na watoto wakiwemo. Muungano uliompeleka Evo ikulu ulipasuka siku hiyo, na haukuungana tena sawasawa.

Kilichobaki kuufunga muungano huo kilikuwa ruzuku. Lita ya dizeli ilibaki boliviano 3.72 kwa miaka mingi. Desemba 2010 serikali ilijaribu kupandisha bei, nchi ikawaka, na amri ikafutwa ndani ya wiki moja. Gesi ilipokuwa nyingi gharama hiyo ilibebeka. Visima vilipopungua, dola zikaadimika kuanzia 2023, na Bolivia huagiza sehemu kubwa ya dizeli yake kutoka nje. Malori yalipanga foleni siku kadhaa. Santa Cruz trekta zilisimama msimu wa kupanda, na sokoni La Paz bei ya mchele ikapanda. Wakati huohuo Evo na Luis Arce, rais aliyechaguliwa 2020 kutoka chama kilekile cha MAS, waligombana hadi chama kikagawanyika. Kwenye uchaguzi wa Agosti 2025 mgombea wa MAS aliambulia kama asilimia 3.

Aliyeshinda duru ya pili, tarehe 19 Oktoba 2025, ni Rodrigo Paz, wa ukoo uleule wa Paz Estenssoro aliyetia saini pale Ucureña. Mpinzani wake alishinda Santa Cruz. Kura zilizompa Paz ushindi zilitoka La Paz, Oruro, Potosí na Cochabamba, yaani kwa watu waleule wa milimani waliokuwa wamempa Evo.

Watu hao wengi hawaishi tena shambani. Wanaishi El Alto, wanauza sokoni, wanaendesha mabasi madogo. Lakini katika jamii nyingi za Waaymara ardhi hushikwa kwa utumishi: zamu yako ya uongozi wa kijiji ikifika lazima urudi uishike mwaka mzima, uhudhurie mikutano, ugharimie sherehe, la sivyo matuta yako yanaweza kupewa mwingine. Kwa hiyo mwenye kibanda sokoni anamwachia ndugu yake biashara, anapanda basi, anakwenda kuvaa poncho ya uongozi kwa ajili ya kipande ambacho mavuno yake hayajazi hata magunia kumi. Juni ikifika na yeye huvua viatu akakanyaga viazi.